Besi ya nyuzi 12: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (kwa wapigaji wa Kigoma, Tabora na jirani)

Haya wadau. Ukifungua mfuko wa hii kitu mbele za watu lazima atokee mmoja aanze kuhesabu nyuzi kwa kidole, akifika ya tisa anapotea anaanza upya, alafu maswali yanafuata. Mengi ni yale yale kwa iyo nimeyaweka hapa pamoja. Sijayapanga kwa mpangilio wowote wa maana, tafuta la kwako.

Hivi hicho ni nini, besi au gitaa?

Ni besi. Nyuzi 12 zimekaa kwenye makundi manne, kila kundi lina nyuzi tatu zilizobanana hadi unazikandamiza zote kwa kidole kimoja. Kwenye kila kundi kuna uzi mmoja mnene, ambao ndo ule ule wa besi unayoijua, na nyembamba mbili zilizotyuniwa oktava moja juu yake, yaani noti ile ile ila ya juu zaidi. Makundi yenyewe ni E, A, D, G kama kawaida, kwa hiyo kama unapiga besi ya nyuzi nne hujapoteza chochote, skeli zako na mistari yako yote iko pale pale. Ukipiga E wazi unapata hertz (mitetemo kwa sekunde) 41 za ule mnene na 82 za wale wembamba wawili kwa mpigo mmoja, na mtu aliyekaa nje ya ukumbi anaweza kuapa kwamba ndani kuna mpiga besi na mpiga gitaa na wa kinanda wanafuatana noti kwa noti.

Kwa hiyo ina noti nyingi kuliko ya nyuzi nne?

Hamna. Noti ni zile zile, zimenenepa tu. Kama shida yako ni kushuka chini ya E basi tafuta besi ya nyuzi tano, hii haikusaidii.

Mbona nimeona video jamaa ana besi ya nyuzi 12 lakini shingo pana kama ubao wa bao?

Hiyo ni kitu kingine kabisa. Ile kila uzi unajitegemea, una noti yake, inashuka chini sana na inapanda juu hadi kwenye eneo la gitaa la solo. Ni ya wale wanaopiga besi na kodi (zile noti kadhaa kwa pamoja) na melodi peke yao. Hapa tunaongelea ya makundi manne ya tatu tatu. Ukiagiza mtandaoni soma vizuri, maana zote mbili zinaandikwa "nyuzi 12" na bei zimekaa mbali.

Nani aliianzisha?

Tom Petersson, mpiga besi wa Cheap Trick, bendi ya Rockford huko Illinois, Marekani. Miaka ya 1970 besi za nyuzi 8 zilikuwa zishakuwepo, Hagström wa Sweden walishatoa ya kwao tangu 1967, yenye uzi mmoja wa oktava kwa kila mnene. Petersson akataka zaidi, akawafuata Hamer, kampuni ya magitaa ya hapo hapo Illinois, akawaambia anataka nyuzi 12. Wale mafundi waliogopa shingo haitahimili wakamtengenezea kwanza ya nyuzi 10 wakaona imesimama, ndo baadae ikaja ya 12. Wazo lake ukiliangalia lina mantiki kabisa, bendi yao ilitegemea zaidi mpiga gitaa mmoja na alitaka sauti ijae hata pale huyo anapokwenda kwenye solo. Baada yake wakaja kina Doug Pinnick wa King's X, ambao ni watatu tu jukwaani, na Jeff Ament wa Pearl Jam ambaye aliitumia kwenye albamu yao ya kwanza ya 1991. Sasa kumbuka hicho kitu, bendi yenye magitaa machache, maana ndo jibu la nusu ya maswali yaliyobaki hapa chini.

Naweza kuipigia rumba na dansi?

Hili ndo naulizwa kuliko yote na ndo linaloleta ubishi, hasa huku kwetu ambako rumba imevuka ziwa na mitumbwi tangu babu zetu. Jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini ili usidhani ni roho mbaya.

Zile nyuzi nyembamba za oktava zipo kwenye sauti ile ile hasa ya nyuzi nne za chini za gitaa la kawaida. A yake ya oktava ni hertz 110, na A ya uzi wa tano wa gitaa la rithimu ni hertz 110, hakuna tofauti. Sasa kwenye dansi una solo, una sekondi solo, una rithimu, pengine na kinanda, wote wamebanana humo humo na kila mtu kapewa kijisehemu chake, na uzuri wa huo muziki ni kwamba hawakanyagani. Besi kazi yake ni kukaa chini kabisa na kurukaruka, inapiga mbili tatu inanyamaza, inamwachia ngoma, inarudi. Sikiliza bendi za Tabora za zamani, Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids, sikiliza besi tu achana na mengine, utaona zile nafasi za ukimya ndo zinazochezesha watu. Shem Karenga mtoto wa Kigoma alivuma na Tabora Jazz, na zile nyimbo hadi leo zikipigwa harusini wazee wanasimama, na hakuna mahali unasikia besi imemkanyaga mtu wa rithimu. Ukileta nyuzi 12 pale unajaza kila nafasi, rithimu anapotea, sebene inakuwa uji, alafu fundi mitambo anakulaumu kwamba umeongeza sauti wakati hujaongeza.

Kama mwenye bendi amekulazimisha uje nayo basi funika zile nyembamba. Weka kipande cha sponji karibu na briji (kile chuma nyuzi zinapokalia kwenye bodi), chini ya nyembamba tu, zinakufa kabisa unabaki na besi ya kawaida yenye uzito wa bure.

Na kwaya je?

Hapa ndo nyumbani kwake. Kwaya zetu nyingi za huku, ukienda Mwanga, ukienda Ujiji, ukienda kule Tabora mjini, vyombo ni kinanda, ngoma na besi, basi. Mpiga gitaa wa solo mara nyingi hayupo au yupo kwenye kwaya tatu kwa mpigo na hujui atakuja kwa nani. Katikati panabaki pengo kati ya kinanda na besi, na wengi wanaliziba kwa kuongeza kinanda sauti hadi waimbaji hawasikiki. Besi ya nyuzi 12 inaliziba hilo pengo bila kelele. Kwenye zile tenzi za polepole ambazo noti inashikwa mipigo minne ukiipiga mara moja na kuiacha ilie, yenyewe inatetemeka na kujaa, huhitaji kuongeza kitu.

Ila pambio za haraka achana nazo. Badili chukua ya nyuzi nne. Mimi huwa nakwenda na zote mbili, ni mzigo lakini ndo ukweli wenyewe, hii sio besi ya kupigia ibada nzima.

Vidole au piki?

Piki ni kile kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi. Inategemea unataka nini kisikike. Nyingi zimepangwa hivi, kwenye kila kundi nyembamba mbili ziko upande wa usoni kwako na mnene uko upande wa sakafuni. Ukishusha piki unakutana na nyembamba kwanza, kwa hiyo unapata ule mlio wa kung'aa. Ukivuta kwa vidole kutoka chini kwenda juu unakutana na mnene kwanza, sauti inakuwa nzito na oktava zinasikika kwa mbali. Watu wengi wanaopiga roki wanatumia piki ngumu. Mimi kwenye kwaya natumia vidole beti, piki kiitikio, mwenyewe utajua.

Kitu kimoja, piki laini usijisumbue, inateleza juu ya zile nyembamba na mnene haiufikii.

Slapu, ile ya kugonga nyuzi kwa dole gumba?

Hapana jamani.

Vidole vya kushoto vitauma?

Vitauma ndio. Kidole kimoja kinakandamiza nyuzi tatu na mbili kati yake ni nyembamba kama za gitaa, zinakata. Wapiga besi tuna ngozi ngumu lakini ni ngumu ya uzi mnene, hii ni habari nyingine. Cheza muda mfupi mfupi kila siku, usikae nayo mchana mzima wa Jumamosi alafu Jumapili ushindwe kushika hata kijiko. Na bonyeza karibu na freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo), sio katikati, nguvu inayohitajika inapungua sana.

Kutyuni unafanyaje, si utakesha?

Kuna mpango. Anza na wanene wote wanne, mmoja mmoja, ukiwa umeziba wale wembamba kwa kidole. Alafu rudi kwa wembamba. Ukimaliza zote 12 rudia tena tangu mwanzo maana ukikaza nyuzi shingo inavutwa kidogo na zile ulizoanza nazo zinakuwa zimeshalegea, hiyo sio ubovu, ndo fizikia ilivyo. Apu ya simu inatosha nyumbani, lakini kanisani wakati kinanda kinajaribiwa na watu wanapiga soga simu inasikia kila kitu, bora tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, ya kubana kwenye kichwa cha besi au ya pedali.

Usihangaike sana kufanya nyembamba mbili zifanane kwa asilimia mia. Moja ikiwa hertz 110 na nyingine 111 utasikia sauti inapanda na kushuka kama mara moja kwa sekunde, na hicho kidogo ndo kinachofanya isikike kama watu wengi. Ikizidi hapo ndo inakuwa kero.

Nyuzi nazipata wapi huku?

Swali gumu. Seti kamili ya nyuzi 12 za besi sijawahi kuiona dukani Kigoma wala Tabora, na hata Kariakoo usitegemee, unaagiza nje. Lakini sio lazima ununue seti. Wanene wanne ni seti ya besi ya kawaida, namba za unene 45 hadi 105, hizo zinapatikana. Kinachobaki ni wembamba nane, na hapa watu wanakimbilia nyuzi za gitaa, sawa, ila kuna mambo mawili.

La kwanza urefu. Gitaa la kawaida skeli yake, yaani urefu wa uzi unaolia, ni inchi 25 na nusu. Besi ndefu ni inchi 34, fupi ni 30 na nusu. Pima kwanza kutoka pale uzi unapofungwa nyuma hadi ufunguo wa mbali kabisa kichwani, uongeze na wa kuzungushia, ndo uende dukani na rula yako, usione aibu. Kwenye besi fupi nyuzi nyingi za gitaa zinafika. Kwenye ndefu nyingi hazifiki.

La pili mvuto. Uzi ule ule, kwenye noti ile ile, ukirefusha kutoka 25 na nusu hadi 34 mvuto unapanda karibu mara 1.8, kwa sababu mvuto unakwenda na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa hiyo G ya gitaa ambayo ni namba 17 ukiiweka kwenye besi ya 34 itakuwa ngumu kama waya wa kuanikia nguo, weka namba 13 ndo mvuto unarudi pale pale. Fanya hivyo hivyo kwa nyingine, punguza. Hili watu hawaliangalii, wanaweka nyuzi nane zote za gitaa kama zilivyo alafu wanashangaa shingo imekunjika.

Badili kundi moja moja, usivue zote kwa pamoja, shingo ikipumzika ghafla na kukazwa tena inachukua muda kutulia.

Zinapata kutu?

Sana, hasa sisi wa karibu na ziwa, na jasho ndo usiseme. Futa kila ukimaliza, pitisha kitambaa hadi chini ya nyuzi. Wembamba ndo wanaanza kufa.

Shingo haipindi?

Inaweza. Seti ya kawaida ya nyuzi nne inavuta kama kilo 80 hivi kwa jumla. Ukiongeza nyembamba nane mvuto unakaribia mara mbili au unapita. Ndo maana nyingine zinawekewa trasirodi (fimbo za chuma) mbili ndani ya shingo na shingo yenyewe inakuwa nene au ya mbao zilizogandishwa kwa tabaka. Kazi ya trasirodi ni kuvuta upande wa pili ili shingo isigeuke upinde. Ukiona nyuzi zimepanda juu katikati ya shingo kaza robo mzunguko tu, tyuni, iache hadi kesho, angalia tena. Mtu anayekaza mzunguko mzima kwa hasira ataivunja.

Hali ya hewa nayo inahusika. Kigoma hewa ina unyevu wa ziwa, Tabora iko juu kama mita 1,200 na kiangazi chake kinakausha hadi midomo inapasuka, mbao inasikia hayo yote. Ukitoka nayo huku ukaenda kupiga huko usitegemee itafika imetyuniwa, iache kwenye mfuko wake saa kadhaa ndo uanze kuigusa. Na isafiri nyuzi zikiwa zimelegezwa kidogo, sio kulegezwa kabisa. Kwenye treni kaa nayo behewani. Buti la basi lililoegeshwa juani ni jiko, gundi inalainika.

Ampu gani?

Ampu ya besi peke yake inakupa nusu ya hela yako, maana nyingi spika zake zimekusudiwa chini na zile oktava hazitoki vizuri kama hamna twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Wenyewe wakubwa, Petersson mmojawapo, wanagawa, sauti inakwenda ampu ya besi kwa ajili ya chini na ampu ya gitaa kwa ajili ya juu, na hiyo ya gitaa ndo inawekwa distoshani (ule mkwaruzo wa roki) kidogo. Kanuni ni kwamba chini ibaki safi. Ukiweka distoshani kwenye kila kitu unapata ngurumo isiyo na noti.

Huku kwetu njia rahisi ni kuingia kwenye mikisa ya kanisa moja kwa moja kwa kutumia DI boksi, kile kiboksi cha kuunganisha chombo na mikisa, spika za ukumbini zina honi za juu tayari, mwambie fundi mitambo akupunguzie kidogo pale katikati. Kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti, ukiwa nayo weka, maana mnene na wembamba hawalingani nguvu na inawaweka pamoja.

Na tafadhali, kama ndugu yako Marekani anakutumia ampu mwambie aangalie nyuma. Kwao umeme ni volti 120, kwetu 230. Bila swichi ya kubadilisha au transifoma ukichomeka ni moshi, hakuna mazungumzo.

Noti zikipanda juu kwenye shingo zinatoka nje ya tyuni, kwa nini?

Angalia briji. Kwenye besi nyingine kila uzi una chuma chake kidogo cha kukalia ambacho unakisogeza mbele nyuma mpaka noti ya freti ya 12 ilingane na oktava ya uzi wazi. Nyingine za bei ya chini zina chuma kimoja kwa nyuzi tatu, na mnene na mwembamba hawahitaji nafasi moja, kwa hiyo hapo unachagua wa kumpendelea. Mpendelee mnene, alafu kaa chini ya freti ya 9 maisha yaendelee.

Fundi seremala wetu anaweza kuitengeneza?

Bodi anaweza, tena vizuri. Tabora ndo kwenye mninga na mninga ni mbao tulivu, ukikauka vizuri hauchezi chezi ovyo, hauli maji ovyo, na kuuchonga sio vita. Watu wanaona ni mbao ya vitanda na makabati tu lakini bodi ya besi ya mninga inapendeza hata bila rangi, pitisha vanishi tu. Dai risiti ya mbao, usije ukapata matatizo kwenye geti la maliasili.

Shingo ndo kazi. Hiyo usimpe mtu ambaye hajawahi kuweka freti, maana nafasi ya freti moja ikikosewa milimita moja noti haipo, na trasirodi lazima iagizwe. Ushauri wangu nunua shingo iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuzi 12, mengine yote mfanye hapa hapa. Shingo ya besi ya nyuzi nne usiongezee funguo nane kwenye kichwa chake, kuna watu wanajaribu, na mtoto akiwa amekaa mbele yake naogopa.

Used niangalie nini?

Shingo kwanza. Ishike kama bunduki utazame kutoka kwenye briji kwenda kichwani, ikiwa imejisokota kushoto au kulia iache hata kama ni bei ya bure, kupinda mbele kunarekebishika, kujisokota hakuna dawa. Uliza kama trasirodi bado inazunguka. Angalia pale kichwa kinapoungana na shingo kama kuna ufa. Zungusha funguo zote 12, moja ikiwa imekufa kuipata ya kufanana ni kazi. Na uzito, ivae dakika kumi umesimama, kichwa chenye funguo 12 kinavuta chini na bega lako ndo litalipa. Mkanda mpana wa ngozi ni lazima.

Bora ya nyuzi 8 au 12?

Kama hujawahi kumiliki hata moja na hela inabana, 8. Nyuzi ni rahisi kupata, shingo haiteseki sana, na unapata karibu ule ule mlio. Ya 12 ina ule mtetemo wa nyembamba mbili kugombana ambao ya 8 haina, wengine hawasikii tofauti kabisa na sio kosa lao. Tena mwenye ya 12 anaweza kuvua nyembamba moja kwenye kila kundi akabaki na ya 8, mwenye ya 8 hawezi kwenda upande wa pili.

Naweza kuanza kujifunza besi na hii moja kwa moja?

Usifanye hivyo mdogo wangu. Hii inaficha makosa, ukipiga ovyo bado inasikika kubwa na watu wanakupigia makofi, alafu siku umepewa ya nyuzi nne kila mtu anasikia kwamba mkono wa kulia haujui kunyamaza. Anza na nne.

Naweza kuja kuijaribu?

Karibu, jioni jua likishapoa. Kata kucha, nawa mikono kama umetoka kula migebuka, na mkanda vaa kwanza kabla hujainuka. Umeme ukiwa hamna utaipiga kavu, wembamba wanasikika wenyewe bila ampu, ila wale wanene itabidi uinamishe sikio kwenye bodi.